Trilioni Tunazijua, Nondo za Darasa Hatuzijui

Kaa kijiweni pa kahawa dakika kumi tu, utaondoka na bajeti yote ya nchi kichwani. Mwaka 2024/25 trilioni 49.35, mwaka 2025/26 trilioni 56.49, deni limefika wapi, nani kafanya nini Dodoma. Mzee anayekopa kahawa ya shilingi mia atakueleza bila wasiwasi kwamba yeye zile trilioni angezipanga vingine kabisa. Muulize trilioni ina sifuri ngapi, atakwambia usimvuruge, kuna watu wanazungumza. (Ziko kumi na mbili, kwa anayetaka kujihakikishia.)

Sasa mgeuzie kibao huyo huyo. Kile choo cha shule ya msingi kilichoanza na matundu manane kwenye mchoro kikaishia matundu matano juu ya ardhi, kililetewa shilingi ngapi? Kimya. Kijiji kilisomewa lini mapato na matumizi? Anaangalia saa, na saa hana.

Jamani, trilioni huwezi kuzipima. Hata ukizipima utazibeba na nini? Nondo ya darasa iko mita mia mbili kutoka hapo ulipokalia, inapimika kwa mizani ya muuza mkaa, lakini hakuna anayeinuka. Tunasubiri mkaguzi atoke Dodoma aje kutuhesabia tofali tunazopita kando yake kila asubuhi.

Halafu tuna ugonjwa mwingine, wa kuamka Julai. Muswada wa Sheria ya Fedha unaingia bungeni Juni pamoja na bajeti, Kamati ya Bajeti inapokea maoni, wabunge wanapiga kura ya bajeti kwa kuitwa jina mmoja mmoja, na Julai mosi shughuli inaanza. Mwaka 2021 tozo ya miamala ya simu ilisomwa Juni mchana kweupe, nchi nzima tuko kwenye mechi za Euro. Tarehe 15 Julai simu zikaanza kukata, mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa, na jioni ile kila mtu akawa mchumi. Kelele zilisaidia, Septemba tozo ikashushwa kwa asilimia 30, sikatai. Ila kelele za Juni zingekuwa na bei nafuu zaidi, maana ungezipiga kabla hujakatwa. Agosti mwaka huo huo kodi ya jengo ikahamia kwenye LUKU ya umeme, wakati huo elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mlipaji kisheria ni mwenye nyumba, mnunuzi wa umeme ni mpangaji. Mpangaji akienda kudai arudishiwe hela yake kwenye kodi ya chumba anaulizwa kama amechoka kukaa pale.

Na usiniletee habari ya Kiingereza. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ilirekebishwa mwaka 2021, lugha ya sheria sasa ni Kiswahili. Kisingizio kilichobaki ni usingizi.

Twende kwenye hati safi, maana hiyo nayo inanipandisha presha. Kila mwaka, ifikapo 31 Machi, CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anamkabidhi Rais ripoti, Aprili inawekwa mezani bungeni, na baada ya hapo inapakuliwa bure mtandaoni, kwa Kiswahili, vitabu vinene: Serikali Kuu, serikali za mitaa, mashirika ya umma, miradi ya maendeleo. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, ndiyo hiyo hati safi, pilau linapikwa. Madiwani wanapongezana utadhani wameshinda kombe. Hati inayoridhisha maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa viwango na havina kosa kubwa la kumpotosha msomaji. Basi. Haisemi hakuna aliyekula. Unaweza kukuta hati safi kabisa, na ukurasa wa mbele kidogo mkaguzi anaeleza makusanyo ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, ambayo hayakufika benki. Kwa hiyo ukifungua kitabu cha serikali za mitaa usiishie kwenye jedwali la hati, hilo ni la kupigia picha. Tafuta jina la halmashauri yako kwenye viambatisho vya nyuma, kule wanakoandika malipo yasiyo na nyaraka za kuyathibitisha, manunuzi nje ya utaratibu na miradi iliyotelekezwa. Huko ndiko kwenye nyama.

Tatizo ni kwamba nyama yenyewe imelala. Ripoti ya Aprili 2025 inahusu mwaka wa fedha ulioishia 30 Juni 2024. Fedha iliyopotea Agosti 2023 inasomwa hadharani miezi ishirini baadaye, wakati mtendaji kahamishwa, mwalimu mkuu kastaafu, fundi yuko mkoa mwingine anajenga darasa jingine kwa nondo zile zile nyembamba. Ndiyo maana CAG hawezi kukusaidia kuilinda saruji ya wiki hii. Ya wiki hii ni yako.

Na sheria imekupa pa kuanzia. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unakaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Lakini mikutano yetu unaijua. Tangazo linatoka jana jioni. Mkutano saa nne, mwenyekiti saa saba. Ajenda ya kwanza kufungua kikao, ya pili mbuzi wanaokula mazao ya watu, ya tatu mbuzi wale wale, ya nne mapato na matumizi, ya tano mengineyo. Ikifika ya nne jua linazama, kina mama wameshaondoka kupika, mtendaji anasoma kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, waliobaki wanapiga makofi ili waende. Hapo mmeshapitisha. Muhtasari utaandikwa "wajumbe waliridhia kwa kauli moja", na kauli moja yenyewe ilikuwa njaa.

Dawa yake haina maajabu. Mkutano ukifunguliwa tu, kabla ajenda hazijapitishwa, mtu mmoja anyooshe mkono aombe ya nne iwe ya kwanza. Wawili wamuunge mkono. Mbuzi watasubiri, hawana haraka.

Halafu kuna ubao wa matangazo. Karatasi ya robo ya Julai hadi Septemba unaikuta imebandikwa Februari, maandishi ukubwa wa chawa, mvua imekula safu ya jumla. Ipige picha hivyo hivyo siku ile ile, maana ubao nao huwa na upepo wake. Kisha usianze na jumla. Jumla huwa iko sawa siku zote, hiyo ndiyo kazi ya kalkuleta. Anza na vile vifungu vidogo ambavyo havina aibu: viburudisho, usafiri, mafuta, mengineyo.

Chukua mafuta ya pikipiki. Tuseme karatasi inasema lita 60 kwa mwezi. Pikipiki hizi za bodaboda zinakwenda kilomita 40 hadi 50 kwa lita moja, muulize dereva yeyote stendi. Lita 60 mara 40 ni kilomita 2,400. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 1,100 na ushee. Yaani kiongozi wetu kila mwezi anakwenda Mwanza na kurudi kwa pikipiki, na chenji ya kuzungukia mjini, wakati kijiji kina vitongoji vinne na vyote unavimaliza kwa mguu kabla chai haijapoa. Usimwite mwizi. Uliza tu, kwa heshima zote: "Mheshimiwa, tunaomba kuona daftari la safari." Kama lipo, mshukuru. Kama halipo, swali liingie kwenye muhtasari pamoja na jina la aliyeuliza, na mwandishi asome alichoandika kabla watu hawajatawanyika.

Sasa ujenzi, na hapa nitakaa. Miradi mingi ya madarasa, zahanati na vyoo inajengwa kwa force account, yaani fundi wa hapa hapa analipwa ufundi, vifaa vinanunuliwa na jamii yenyewe kupitia kamati: ya manunuzi, ya mapokezi, ya ujenzi. Zile fedha za UVIKO za mwaka 2021 zilijenga madarasa 15,000 kwa mtindo huo, shilingi milioni 20 kila darasa. Mtindo mzuri, unaokoa hela. Ila wajumbe wa kamati ni sisi sisi, na mjumbe wa mapokezi mara nyingi anapokea kwa kalamu tu, nyumbani kwake, taa imewashwa, vifaa hajaviona.

Nondo. Ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo kumi na nusu na zaidi kidogo. Ya mm 10, urefu huo huo, ni kama kilo saba na nusu. Kwa macho, zikiwa zimelala chini na vumbi, zinafanana kama mapacha. Risiti ya mm 12, mzigo wa mm 10, na katika kila nondo kilo tatu za chuma zimeshuka njiani bila gari kusimama. Huhitaji injinia. Kata kipande cha mita moja, pima: mm 12 inakaribia gramu 890, mm 10 inakaribia gramu 620. Ukipata 620 kwenye risiti ya 12, usiseme neno, mwite mwenzako wa kamati asome mizani kwa sauti. Na ufanye hivyo kabla zege halijamwagwa. Zege likishamwagwa, nondo zote ni mm 16.

Bati nazo zina lugha yao. Geji namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, na hapo ndipo wengi tunapopigwa, tunadhani 30 ni kubwa kuliko 28. BOQ, ule mchanganuo wa vifaa na gharama za ujenzi, inasema geji 28, zinakuja geji 30, mjumbe anafurahi kwamba tumeongezewa mbili! Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe, siyo kwenye karatasi ya muuzaji. Upepo wa kwanza wa masika ndio utakaokusomea kama hukusoma.

Saruji ni hesabu ya darasa la nne. Mfuko wa kilo 50 unatoa tofali za inchi sita kama 30 hadi 35 zenye afya. Ukihitaji tofali 3,000, unazungumzia mifuko isiyozidi 100. Vitabu vikisema 160, mifuko 60 imeenda kujenga kwa mtu. Ikitokea kinyume chake, vitabu vinasema 100 lakini tofali ukilikwaruza na ufunguo linamwagika mchanga, basi mfuko mmoja umezalishwa tofali 50 au zaidi na tofauti imeuzwa. Yote mawili yanaonekana kwa kuhesabu mifuko mitupu. Kamati ikubaliane tangu mwanzo kwamba mfuko mtupu hautupwi wala hauuzwi mpaka stoo ifungwe. Utashangaa kipengele hicho kidogo kinavyoleta ugomvi mkubwa kuliko bajeti yenyewe.

Mchanga na kokoto, kazi ni tepu. Risiti inasema kyubiki saba, yaani mita za ujazo saba, kwa tripu. Pima bodi la lori: urefu mita 4, upana 2, kimo 0.6, zidisha, unapata 4.8. Hizo nyingine mbili na ushee zimebaki machimboni zikipumzika.

Na risiti iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Ile ya kitabu cha duka yenye mhuri wa "Asante Karibu Tena" inaandikika hata chini ya mwembe. Ya EFD ina namba ya uhakiki, unaiingiza kwenye tovuti ya TRA kwa simu, inakuletea kiasi, tarehe na muuzaji. Kiasi kikitofautiana na kilichoko kwenye leja ya stoo, una maneno ya kusema kwenye ajenda namba moja. Angalia na tarehe pia: saruji iliyonunuliwa wiki mbili baada ya darasa kupauliwa ni saruji yenye miujiza.

Wakikunyima karatasi, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwananchi anaomba kwa maandishi, ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Usiandike "naomba taarifa zote za kijiji", utajibiwa kwamba ni nyingi, subiri. Andika kitu kinachoshikika: nakala ya BOQ ya darasa la pili, leja ya stoo ya Machi hadi Mei, taarifa ya benki ya akaunti ya mradi kwa miezi hiyo hiyo. Peleka nakala mbili, moja waichukue, moja wakugongee mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huna ushahidi wa siku 30 zilianza lini, na ofisini wanalijua hilo kuliko wewe. Kwa hiyo utaambiwa mhuri umefungiwa kabatini, ufunguo anao mtendaji, na mtendaji hayupo, kaenda wilayani kwenye semina. Ya uwazi na uwajibikaji.