Benoni, Benyamini, na neno letu la kulia

Shangazi yangu ana jina la majonzi. Sitalitaja hapa ila mnayajua majina ya aina hiyo, Taabu, Shida, Masumbuko, Mateso, yale ambayo bibi zetu walikua wanampa mtoto kutokana na hali aliyoikuta duniani, na yeye alizaliwa wiki ileile babu alipozikwa. Sasa juzijuzi kuna mhubiri kamwambia alibadilishe, eti ndo linalomfungia baraka, na andiko alilompa ni Mwanzo 35, pale Raheli anapomwita mtoto Benoni halafu Yakobo anamwita Benyamini. Kwamba hata Yakobo alilifuta. Shangazi akanipigia simu analia. Tangu siku ile sijaliacha hili andiko, na kwa heshima zote naona limesomwa haraka mno.

Tuanze na Raheli mwenyewe maana kwenye mahubiri huwa anapitwa tu. Huyu ndo yule mama aliyemwambia mumewe nipe wana, kama sivyo nitakufa. Alipompata Yusufu akampa jina ambalo ni ombi kabisa, Yusufu maana yake ni "aongeze", Bwana aniongezee mwana mwingine. Kwa hiyo huyu wa pili aliombwa miaka mingi, kila alipomwita Yusufu aje kula alikua anamwomba na mdogo wake. Na akaja kweli, njiani, wametoka Betheli wanaelekea Efratha ambayo ndo Bethlehemu, uchungu ukawa mzito, mkunga akamwambia usiogope, huyu naye ni mwanamume. Alikua anakufa. Biblia yetu inasema hapo alipokuwa akitoa nafsi akamwita Benoni, yaani ile pumzi ya mwisho aliitumia kumpa mwanae jina. Mi siwezi kuliita jina hilo mkosi, samahani.

Na lenyewe Benoni lina sura mbili. "Ben" ni mwana, hiyo haina ubishi. Ile "oni" wengi wanaichukua kama huzuni yangu, kilio changu, na Hosea 9:4 neno hilo linatumika kwa chakula cha wenye msiba, sisi tungesema chakula cha matanga. Lakini kuna neno jingine la Kiebrania linaloandikwa hivohivo ambalo ni nguvu, na Yakobo mwenyewe analitumia kwenye Mwanzo 49:3 akimbariki Reubeni, malimbuko ya nguvu zake. Ramban, yule mwalimu wa Kiyahudi wa Uhispania wa karne ya 13, alishaliona hili akaeleza kwamba Yakobo hakulitupa jina la mkewe, alilishika upande wake wa nguvu, akalisema upya kwa neno la mkono wa kuume, kwa sababu mkono huo ndo wenye nguvu. Yaani alilitafsiri! Mimi hapo ndo nasimama na Ramban moja kwa moja.

Kwanza Yakobo alijua maumivu ya jina. Lake lilitokana na kisigino cha pacha wake, na Esau alivyokasirika akamwambia baba yao kwamba ndo maana anaitwa Yakobo, amenidanganya mara mbili. Baba wa namna hiyo hawezi kutaka mtoto akue kila akiitwa anakumbushwa kwamba mama alikufa kwa ajili yake. Hapo namuelewa kabisa, ni huruma ya baba. Ila huruma ni kitu kimoja na kuvunja laana ni kitu kingine, na kwenye sura hii nzima hakuna neno laana juu ya Benoni, wala Mungu hakuagiza jina libadilishwe. Aliyebadilishiwa na Mungu ni Yakobo mwenyewe, mstari wa 10, hutaitwa tena Yakobo bali Israeli, na angalia, mstari wa 14 tu maandiko yanaendelea kumwita Yakobo kama kawaida. Jina la zamani lilibaki hata pale.

Benyamini ni mwana wa mkono wa kuume. Au mwana wa kusini, maana Waebrania walikua wanataja pande za dunia wakiwa wameelekea mashariki, hivo kusini inakua mkono wa kuume, na Rashi, mwalimu mwingine wa Kiyahudi, wa Ufaransa, alilishika hilo kwa kuwa mtoto huyu ndo pekee aliyezaliwa Kanaani, wenzake wote walizaliwa huko juu kaskazini, Padan-aramu. (Nikifika hapa huwa namkumbuka mzee Benjamin Mkapa, wa Lupaso kule Masasi, mwana wa kusini kweli.)

Sasa kilichonifanya niandike ni lugha yetu. Sisi mkono wa kuume tunauita mkono wa kulia, wa kulia chakula. Na kulia ni kutoa machozi. Maneno mawili tofauti kabisa, asili zake hazihusiani, yamekutana tu kwenye sauti, lakini jaribu kumwelezea mtoto wa Sunday school kwa Kiswahili, Benoni ni mwana wa kulia, Benyamini ni mwana wa kulia. Nilivyoligundua hilo niko jikoni nilikaa chini. Alichosema mama na alichosema baba, kwetu ni neno moja.

Na kilio chenyewe hakikuisha kwa sababu Yakobo alisema jina jingine. Yeremia, ambaye Anathothi ya kwao ilikua nchi ya Benyamini, karne nyingi baadae anasikia sauti Rama, Raheli akiwalilia watoto wake, na Mathayo anaichukua hiyohiyo watoto wa Bethlehemu walipouawa. Halafu Yakobo, mzee, mgonjwa, yuko Misri, Yusufu kaja na wanae kubarikiwa, katikati ya mambo ya urithi anakatiza ghafla, Mwanzo 48:7, anaanza kusimulia jinsi Raheli alivyomfia njiani, umbali kidogo tu kabla ya kufika Efratha. Hakuna aliyemuuliza.

Nilimsomea shangazi mstari huo kwenye simu, akanyamaza muda mrefu, akaniambia bibi alikua anamwita jina lake taratibu sana, hasa jioni. Ile fomu ya kubadilisha jina aliyopewa bado iko mezani kwake, hajaijaza.