Mkalimani wa hospitali: hela hazipo kweli?

Kila hoja ya kuajiri wakalimani wa lugha ya alama katika hospitali za umma inapoibuliwa, jibu huwa tayari: hela hazipo. Si jibu la kupuuza. Zahanati inayohangaika kupata glavu haiwezi kuweka mtu wa kumsubiri kiziwi anayekuja kwa nadra, na wakalimani wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi, hasa vijijini.

Ila hoja hiyo imeshapelekwa mahakamani ikapigiwa hesabu. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Eldridge, iliyofunguliwa na viziwi wa jimbo la British Columbia. Mmoja wao, Linda Warren, alijifungua mapacha njiti bila mkalimani. Katikati ya uchungu, muuguzi alimwonyesha kwa mikono kwamba mapigo ya moyo ya mtoto mmoja yameshuka. Watoto walipozaliwa wakaondolewa papo hapo, na wazazi wakaandikiwa kikaratasi kuwa hawajambo. Basi. Majaji wote walikubaliana kwamba kuelewana na daktari ni sehemu ya matibabu yenyewe, si fadhila ya pembeni.

Na gharama? Jimbo zima lingetumia takriban dola 150,000, sawa na asilimia 0.0025 ya bajeti yake ya afya. Katika kila shilingi 1,000,000, hizo ni shilingi 25. Serikali iliona heri kushtakiwa hadi mahakama ya mwisho kuliko kutoa shilingi 25! Sisemi hesabu ya Kanada ni yetu. Bajeti zetu ni finyu na wakalimani inabidi kwanza tuwafundishe. Lakini hata ukiizidisha mara ishirini, unapata shilingi 500 katika milioni. Anayesema hela hazipo atuwekee hesabu yake mezani.

Wapo wanaouliza kwa nini kiziwi asije na ndugu, au asiandikiane na daktari. Kuandikiana kunamfaa aliyesoma vizuri, na wengi hawakupata shule iliyowafundisha kwa lugha yao. Kwenye bahasha ya dawa atasoma "1 x 3". Lile la "usinywe kabla ya kula" husemwa kwa mdomo dirishani, tena nyuma ya barakoa. Ama ndugu, mara nyingi huwa ni mtoto wa kumzaa mwenyewe. Sijui ni mama gani angetaka binti yake wa miaka kumi amtafsirie majibu ya VVU.

Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka kwa viziwi wenyewe: jamii yao ni ndogo, mkalimani wa leo kliniki ndiye wa kesho harusini, na siri huvuja. Hapo Nairobi ilishaonyesha njia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Liverpool VCT lilifungua huduma ya ushauri nasaha na upimaji wa VVU ambayo washauri wake walikuwa viziwi. Kwingine, simu ya video inaweza kumleta mkalimani wa mkoa mwingine asiyemjua mgonjwa. Mtandao utakatika, najua. Ndiyo maana leba za hospitali za rufaa zianze na mtu aliyeajiriwa, mwenye zamu na kiapo cha siri kama muuguzi yeyote, kisha video ishuke hadi zahanati.