Riba imeshuka Kinshasa, je, mkopo wa nyumba Lubumbashi nao utashuka?

Agosti 2023 Benki Kuu ya Kongo ilipandisha riba elekezi, yaani ile inayotoza banki zinapokopa kwake, kutoka asilimia 11 hadi 25 ili kuizuia franga isizidi kuporomoka. Oktoba 2025 ikaishusha hadi 17.5. Hapa Lubumbashi wapo wanaotarajia banki zilegeze masharti kwa wanaojenga; wengine wanasema hayo hayatuhusu, maana tunakopa kwa dola.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Riba elekezi ni ya franga, ilhali sehemu kubwa ya amana na mikopo nchini ni dola. Hata Marekani ikishusha riba yake, nafuu haifiki huku kirahisi: dola ambazo banki inakopesha zinatoka kwenye akaunti za kawaida, ambazo tayari hazilipwi riba ya maana. Kinachofanya mkopo uwe ghali ni hofu ya kutolipwa. Tena banki inaweza kununua hati fungani za serikali za dola, ikaepuka kufukuzana na mdaiwa mahakamani.

Tupige hesabu. Dola 30,000 kwa miaka mitano, riba asilimia 15, ni dola 714 kila mwezi. Kwa asilimia 12 ni 667. Sasa acha riba palepale kwenye 12, ongeza muda uwe miaka kumi: 430. Jumla ya malipo inapanda kutoka dola 40,000 hivi hadi karibu 51,650, ndiyo, lakini kama banki inaruhusu theluthi ya mshahara iende kwenye deni, mwenye dola 1,300 anakubaliwa pale ambapo mwanzo palihitaji 2,000. Kwa hiyo muda una uzito kuliko riba. Na muda mrefu ndio usiopatikana, kwa sababu amana ambayo mwenyewe anaweza kuichukua kesho haikopeshwi kwa miaka kumi bila hatari.

Hata hivyo, kuidharau riba elekezi ni kosa. Inafanya kazi kupitia bei ya dola. Mtumishi wa serikali anayelipwa franga na kudaiwa dola 150 kwa mwezi anatoa franga 420,000 dola ikiwa 2,800, na 345,000 ikiwa 2,300. Riba ikishushwa haraka mno na franga ikaanguka, anayeumia kwanza ni yeye. Mwenye mshahara wa dola mambo yake ni kinyume: franga ikipata nguvu, deni halisogei, ila makuta, yaani franga anazopata akibadilisha dola za kwenda sokoni, yanapungua.

Huku kwetu Katanga, eneo la migodi, kuna kipimo kingine, biashara ya madini, nacho hakitoki kwa benki kuu ya Kinshasa wala ya Washington. Mwaka 2008 tani ya shaba ilitoka zaidi ya dola 8,000 mwezi wa saba hadi chini ya 3,000 mwezi wa kumi na mbili, na migodi ikafungwa. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje. Oktoba ikaja na viwango vya mgawo, yaani kiasi ambacho kampuni inaruhusiwa kuuza nje. Ndiyo maana anayefanya kazi kwa mkandarasi wa mgodi huulizwa mkataba wake unaisha lini kabla ya kuulizwa analipwa ngapi.

Halafu kuna karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, rehani huandikwa kwenye sertifika ya usajili, yaani hati ya ardhi, na mhifadhi wa hati, ofisa wa serikali anayezitunza. Lupango, yaani kiwanja, lenye karatasi za komine (manispaa) tu haliwekwi rehani, hata riba ikiwa sifuri. Na kama mali ni ya wanandoa, mmoja asipotia saini, faili inarudishwa.