Kabla ya Kulipandisha Juu Gari Kuukuu, Lipe Hewa Safi

Mtu akinunua Land Cruiser kuukuu hapa Dodoma, aghalabu jambo la kwanza analolifikiria ni namna ya kulifanya lionekane la kazi zaidi: alipandishe juu, alifunge bampa la chuma, aliwekee keria na taa za kumulika hadi kijiji cha pili. Maoni yangu ni tofauti, na yamezidi kuwa imara kadiri ninavyolitengeneza la kwangu uani. Ninaamini kwamba gari la aina hii lilitoka kiwandani likiwa na uwezo unaozidi mahitaji ya barabara nyingi za mkoa huu, na kwamba maboresho yenye faida ni yale yanayolirudishia uwezo huo na kuulinda dhidi ya vumbi, joto na tope la mbuga.

Ninalolizungumzia hasa ni lile toleo la 70, ambalo wengi wetu tunaliita Mkonga. Lilianza kuuzwa mwaka 1984, na tangu mwaka 1990 mengi yake yamefungwa injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta ya kusimamia mafuta. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye spana za kutosha, jeki, stendi imara na kitabu cha kiwanda anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi nyumbani kwake bila kumwita mtu wa mashine ya kupima. Ukizingatia ushuru wa ziada unaotozwa magari yaliyotumika miaka mingi yanapoingizwa nchini, gari ambalo tayari liko uani linastahili kutunzwa kuliko kubadilishwa.

Nianze na vumbi, kwa kuwa ndilo linaloua injini nyingi za hapa huku wenyewe wakilaumu dizeli. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi yetu hukauka, na gari linalolifuata jingine katika njia za vumbi za Chemba au Mpwapwa huvuta hewa iliyojaa chembe za mchanga laini. Chembe hizo zikipita kwenye filta, husaga ringi na kuta za silinda taratibu, hadi injini inaanza kula oili na kupumua moshi kwenye mfuniko wa oili. Lile bomba linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele husaidia, maana hewa ya juu ina vumbi pungufu, lakini bomba hilo si filta, na tatizo halianzii kwenye ncha yake. Tatizo huanzia pale linapoungana na boksi la filta, ambapo kuna mpira uliopinda, na mpira wa miaka mingi hupasuka upande wa chini usioonekana kwa urahisi. Ufa ulio kati ya filta na injini ni mbaya zaidi, kwa kuwa vumbi linaloingilia hapo halikutani tena na kizuizi chochote.

Jaribio lake halihitaji fedha. Fungua bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, kisha pitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka na vumbi, acha kila kingine utafute mahali hewa inapopenya: kwenye mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, filta ya bei rahisi ambayo ukingo wake haukai sawasawa, au boksi lililobonyea. Kuhusu ile desturi ya kugonga filta kwenye tairi hadi vumbi lidondoke, ningependa ikome kabisa, kwa kuwa karatasi ya filta huchanika mahali ambapo jicho halifiki. Ni afadhali kuipuliza kwa upepo wa nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje, na baada ya mara chache kununua mpya.

Joto lina hadithi yake. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi joto 96 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mgandamizo unaohifadhiwa na mfuniko wa rejeta, na ndiyo maana mfuniko uliochoka, ambao watu wengi huuona kuwa kifuniko tu, unaweza kulifanya gari lichemke likipanda mlima wa Nyang'oro kuelekea Iringa ilhali rejeta yenyewe ni nzima. Mfuniko mpya wenye mgandamizo ulioandikwa kitabuni ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika gari zima.

Halafu kuna maji yenyewe. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na anayebisha aangalie ndani ya birika lake. Chumvi hiyo hiyo hujenga gamba ndani ya rejeta na kwenye njia za maji za injini, na huharakisha kutu. Rejeta inapaswa kujazwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, yakiwa yamechanganywa na kulanti kwa kipimo cha nusu kwa nusu, si kwa sababu ya baridi, ambayo hatuna, bali kwa sababu kulanti ina dawa za kuzuia kutu na huongeza kiwango cha joto cha kuchemka. Asiyepata maji yaliyotoneshwa akinge ya mvua wakati wa masika yetu mafupi na kuyahifadhi katika dumu safi.

Siwezi kuliacha suala la themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji ya injini yapite kwenye rejeta. Gari likichemka, mafundi wengi huitoa na kuitupa, kisha humwambia mwenye gari kuwa sasa maji yanapita vizuri. Ukweli ni kwamba themostati ya injini hii ina vali ya pili ambayo, injini inapopata joto, hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi siku zote: asubuhi injini hukaa baridi kwa muda mrefu na kula dizeli, na kwenye mlima sehemu ya maji haipozwi kabisa. Anayetaka kuboresha upoaji airudishe themostati, kisha akague kile kifaa cha katikati ya feni chenye mafuta mazito ya silikoni. Mafuta hayo yakipungua, feni huteleza badala ya kuvuta hewa, na kuyaongeza ni kazi inayofanyika mezani kwa spana ndogo na uvumilivu.

Kuhusu tope, nitataja kipande kimoja cha mpira. Kila ekseli ina kitundu cha kupumulia, kwa kuwa oili ya difu, yaani yale meno ya katikati ya ekseli yanayozungusha magurudumu, ikipata joto hewa iliyo ndani hutanuka na lazima itoke. Gari likitoka safarini likiwa na joto na kuingia kwenye maji ya Bahi wakati wa mvua, ekseli hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na kama kitundu hicho kimezama au vali yake imeganda kwa udongo, maji hufyonzwa kupitia kwenye oili sili, zile ringi za mpira zinazozuia oili isivuje. Baada ya wiki kadhaa oili ya difu huwa na rangi ya maziwa na beringi huanza kulia. Kuvuta mpira mwembamba kutoka kwenye kila kitundu hadi juu karibu na boneti, na kufunga kifilta kidogo mwishoni, ni kazi ya asubuhi moja, na kwa maoni yangu ndilo boresho la kwanza linalostahili kuitwa hivyo. Baada ya kila safari ya tope, piga grisi kwenye nipo (vitundu vya kuingizia grisi) zote za propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, hadi ya zamani itoke.

Kulipandisha juu ndiko kunakonitia wasiwasi. Ekseli ya mbele ikishushwa kwa springi ndefu, pembe inayoufanya usukani urudi katikati hupungua, na gari huanza kutangatanga kwenye lami ya Morogoro. Magari mengi ya aina hii pia yana vali ya breki iliyoungwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, ambayo hupima mzigo kwa umbali uliopo kati ya ekseli na chesisi. Gari likiinuliwa, vali hiyo hudhani kuwa halina mzigo na kupunguza breki za nyuma, hata kama limebeba magunia ya alizeti. Mambo haya hurekebishika, lakini mara nyingi anayeuza springi hayataji. Tairi nyembamba za 7.50R16 ambazo watu huzibeza hupenya tope hadi kwenye udongo mgumu, na kwenye mchanga wa makorongo kupunguza upepo kunatosha, mradi uwe na pampu ya kuurudisha. Taa za mbele zinahitaji rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa) na waya mnene kabla ya balbu za kupofusha madereva wengine.

Mkanda wa taimingi, unaozifanya vali zifunguke kwa kufuatana na mwendo wa pistoni, nao haufai kuaminiwa kwa namba za dashibodi. Gari lililonunuliwa bila kumbukumbu libadilishiwe mkanda mara moja, na tarehe iandikwe kwa rangi kwenye kava, kwa sababu ukikatika vali na pistoni hugongana. Kazi hii inawezekana nyumbani kwa mtu makini. Zisizowezekana ni kupima pampu ya dizeli na nozeli, kupiga fesi silinda hedi (kuusawazisha uso wake), na kupanga meno ya difu, ambayo yanahitaji vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita. Hizo mpelekee fundi mwenye mashine, ukiwa umekwisha kulisafisha gari na kuandika dalili zote ulizoziona, ili asianze kwa kutoa themostati.