Dokumentari ya kuumbua udaku huanzia kwenye simu

Dokumentari nyingi za kejeli kuhusu mastaa na magazeti ya udaku huharibika mahali pamoja. Mtayarishaji anatafuta mwigizaji, anamvisha miwani myeusi, anampangia mapaparazi mlangoni, kisha anategemea kicheko. Mtazamaji anacheka na gazeti linabaki salama, kwa sababu aliyepimwa ni staa. Wa kupimwa ni dawati la habari.

Starsuckers, dokumentari ya Chris Atkins iliyotoka Uingereza mwaka 2009, ililijua hilo. Sauti ya msimulizi ni ya kejeli, lakini uzito wa filamu uko kwenye simu. Timu yake iliyapigia magazeti ya udaku na kuyapa habari za kutunga: nywele za mwimbaji Amy Winehouse zimeshika moto kwa hitilafu ya fyuzi, mwongozaji wa filamu Guy Ritchie kaumia jicho akirusharusha visu na uma mgahawani, Sarah Harding wa kundi la muziki la Girls Aloud ni mpenzi wa fizikia ya kwanta. Zikachapwa. Ya Winehouse ilitoka Daily Mirror, na tovuti nyingine zikaibeba. Ya Harding ilitoka The Sun, tena ikiwa na nukuu ya kumsifia akili ambayo timu haikuitoa.

Hiyo nukuu ndiyo jambo la kukaziwa macho. Mwandishi aliyenakili uongo anaweza kujitetea kwamba kadanganywa. Nukuu haikuletwa na mpiga simu. Imeingia kati ya simu na mtambo wa kuchapa. Bila rekodi ya simu yenyewe, usingeweza kuionyesha kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo anayetaka kufanya kazi ya aina hii aandike kwanza kila neno atakalosema, na asitoke nje ya maandishi hayo. Arekodi kwa vifaa viwili. Aandike saa, dawati lililopokea, na hasa maswali aliyoulizwa, maana swali lisiloulizwa ni ushahidi pia. Kila habari ipewe kitu kimoja cha pekee, kama ile fyuzi, ili ikijitokeza kwenye gazeti la tatu ujue imepita wapi. Nakala ya karatasi inunuliwe asubuhi ileile. Ukurasa wa mtandaoni hubadilishwa kimyakimya.

Uongo wenyewe uwe mdogo, usiomvunjia mtu heshima, na wa kuzimwa kwa simu moja kwa meneja wa staa. Ugonjwa, kifo, ndoa na watoto usiviguse kabisa. Ukitunga kitu kinachokaribiana na ukweli umeharibu kipimo, kwa kuwa gazeti litasema lilikisikia kwingine. Na malipo yakataliwe hata yakitolewa kwa kubembelezwa, kama Atkins na wenzake walivyoyakataa. Ukipokea pesa, umeuza uongo, na mada inageuka kuwa wewe. Anayetaka kuiga Tanzania au Kenya amwone mwanasheria kabla ya simu ya kwanza: sheria za makosa ya mtandao, ya 2015 kwa Tanzania na ya 2018 kwa Kenya, zilitungwa zikiwa na vifungu vya habari za uongo, na kusema ulikuwa unatengeneza filamu kunaweza kusikuokoe.

Sehemu nzito zaidi ya Starsuckers haichekeshi hata kidogo. Atkins alijifanya ana njia ya kupata siri za matibabu ya watu maarufu kutoka kliniki ya upasuaji wa urembo, akakutana na waandishi wa magazeti ya Jumapili huku kamera imefichwa. Hapo mzaha wa nywele na visu unapata maana: dawati lisilouliza swali kuhusu fyuzi halitajizuia penye faili la mgonjwa. News of the World, gazeti la udaku la Jumapili, lilifungwa Julai 2011 kwa kashfa ya kudukua simu, na Desemba mwaka huohuo Atkins alitoa ushahidi mbele ya tume ya Jaji Leveson iliyochunguza mwenendo wa magazeti ya Uingereza.

Kwenye uhariri, wengi huanza na ukurasa wa gazeti kwa sababu unavutia. Anza na simu. Iache isikike yote, pamoja na ukimya wa mwandishi anayeandika upande wa pili, halafu onyesha ukurasa kwa muda unaotosha mtu kuusoma. Muziki usiweke.