Dashibodi Yenye Manyoya

Mimi sina ugomvi na jua. Jua ni la Mungu. Ugomvi wangu ni na dashibodi ya Probox yangu, ambayo kwa miaka sita nimekuwa nikiipaka yale mafuta ya kung'arisha ya pale kwa waosha magari, hadi ikawa inameta kama kipara cha mzee wa kanisa. Sasa jaribu kutoka Nakuru mjini saa kumi na moja jioni ukielekea Salgaa. Jua liko mbele yako, linaipiga dashibodi, dashibodi nayo inalirusha kwenye kioo, na huoni lori wala bodaboda, unaona dashibodi yako ikielea hewani. Siku moja nilimsimamia abiria, nikashusha kioo, nikamuuliza anaenda wapi. Kilikuwa kibao cha barabarani.

Ugonjwa wa kutaka dashibodi yenye manyoya niliambukizwa na Safari Rally. Haya mashindano ya magari yalianza mwaka 1953, yakaondolewa kwenye kalenda ya dunia baada ya 2002, yakarudi 2021 huku kwetu Kaunti ya Nakuru, na tangu hapo hakuna mwanamume wa huku anayeendesha gari kwa adabu. Nilienda Soysambu kuyatazama nikala vumbi tangu asubuhi, nikabahatika kuchungulia ndani ya gari moja lililosimama. Dashibodi nyeusi tii, haimeti hata chembe, imevaa manyoya mafupi kama ngozi ya fuko. Fundi wao akaniambia ni nyuzi za nailoni zilizokatwakatwa, urefu wa nusu milimita hadi milimita moja, zimepandwa juu ya gundi zikiwa zimesimama wima. Mwanga ukiingia humo haurudi. Nikamwelewa mara moja, maana hata pesa nilizomkopesha shemeji ziliingia mahali kama hapo.

Nilirudi nikamuuliza fundi mmoja wa viti vya magari hapa mjini. Akanitajia bei, nikamuuliza kama hiyo dashibodi inatolewa mahari. Hapo ndipo nikaamua kujifanyia mwenyewe. Huwa naamua hivyo mara moja kwa mwaka, na kila mara Mama Watoto huanza kwa kuficha vyombo.

Nyuzi niliagiza Nairobi, nusu kilo. Ukizitazama ni unga tu. Mama Watoto akafungua mfuko, akachota kwa vidole, akaniuliza, "Umeanza kusaga makaa?" Nikamweleza habari ya mwanga. Akaufunga mfuko polepole, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Watu hudhani kazi ni kupaka gundi na kumwaga. Kazi ni kuondoa dhambi za zamani. Yale mafuta ya kung'arisha yana silikoni, na gundi haishiki mahali penye silikoni, itabanduka kama gamba la kidonda. Kwa hiyo miaka sita ya kung'arisha nililazimika kuilipa kwa siku mbili za sabuni, spiriti na msasa, nikisugua hadi plastiki ikakwaruzika vya kutosha. Nilikuwa nimemlipa kijana wa kuosha magari aniharibie kazi ambayo sikujua nitakuja kuifanya.

Kuing'oa dashibodi sitasimulia sana. Ina vibanio vya plastiki vinavyolia "kwaa" vikivunjika, na skrubu ambazo ukimaliza kurudisha zinabaki saba. Ninazo kwenye kopo la kahawa. Gari linatembea, kwa hiyo nadhani waliozidisha ni waliolitengeneza.

Ila kuna jambo moja jirani yangu alinishika mkono nikiwa tayari na brashi. "Baba, upande wa abiria kuna mfuko wa hewa. Ukipaka gundi juu ya ule mstari unaopasuka, siku ya ajali mfuko utatokaje?" Alisema kweli, na ilinichukiza. Kile kifuniko nikakiacha hivyo hivyo, kipara. Dashibodi yote ikawa na manyoya isipokuwa pale, mfano wa mbuzi mwenye upele.

Sasa mashine. Nyuzi hazisimami wima kwa maombi, zinahitaji umeme tuli. Wenye kazi yao wana mashine ya makumi ya maelfu ya volti. Mimi nina raketi ya kuulia mbu. Msicheke, watu wanaotengeneza vijinyasi vya bandia vya kupamba reli za treni za kuchezea hufanya hivyo hivyo: unaifungua raketi, waya mmoja unaunganisha kwenye kichungi cha chai cha chuma, wa pili unaubana kwenye gundi mbichi. Ukijaza nyuzi kichungini, ukabonyeza kitufe na kutikisa, nyuzi zinaruka kwenda kwenye gundi na kusimama, kama wanafunzi wa bweni mwalimu mkuu akiingia. Kichungi nilikichukua jikoni bila kuomba. Wiki hiyo tulikunywa chai yenye majani, nami nikawa wa kwanza kulalamika, ili nisishukiwe.

Robo ya kwanza ilinitoka vizuri hadi nikaanza kupiga hesabu ya kufungua gereji. Kisha upepo wa kutoka Menengai ukaja. Wamaasai walituonya mapema, jina Nakuru lenyewe husemwa lina maana ya mahali pa vumbi. Tarehe 1 Desemba 2021 tulipewa hadhi ya jiji, lakini vumbi halikuarifiwa. Nami nimesimama uani na dashibodi nzima ya gundi mbichi, na kopo linasema nina robo saa kabla haijakauka. Nikavua shati nikaitandazia kama kuku anayefunika vifaranga.

Katika purukushani hiyo kile kibanio cha waya wa pili kikachomoka kwenye dashibodi kikaning'inia kwenye mkono wangu wa kulia, ambao ulikuwa umepakwa gundi hadi kiwiko. Sikuona. Nikabonyeza kitufe. Stima ikanitandika, ila hilo si kubwa, la mbu ni la mbu tu. Kubwa ni kwamba nyuzi hazina akili, zinafuata waya. Zote zikanijia mimi. Nikatazama mkono wangu: mweusi tii, haumeti, umesimamisha manyoya mtindo wa rali. Ubora wake ulikuwa wa juu kuliko dashibodi.

Ile gundi ni ya kushikilia kweli. Spiriti ikatoa vidole tu. Na kesho yake nilikuwa na kikao cha kamati ya harusi ya binamu, mahali ambapo unasalimia watu arobaini kwa mkono. Nilivaa koti. Nyanya mmoja akanishika, akaingiza vidole ndani ya mkono wa koti, akanyamaza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ilianza lini, mwanangu?" Nikamwambia Jumamosi. Akaomba hapo hapo.

Dashibodi ilikauka siku nzima, nikapuliza nyuzi zilizolegea, nikairudisha. Nakiri ilipendeza. Wiki ya kwanza nilienda Salgaa jioni nikaona kila lori na kila punda. Nilichokuwa sijajua ni kwamba binadamu hawezi kukaa mbele ya manyoya asiyapapase. Kila anayepanda anaanza kupapasa. Wengine wametoka kula samosa. Juzi afisa wa trafiki alinisimamisha, akaingiza mkono dirishani, akapapasa mara tatu, akaniuliza ni ngozi ya mnyama gani. Leseni hakuikumbuka.

Na haifutwi kwa kitambaa kilicholowa. Ni brashi laini, unyonye vumbi kwa mashine, basi. Mama Watoto anasema nimenunua zulia nikaliweka mahali ambapo mfagio haufiki. Kichungi chake nilimnunulia kipya, hajakitumia, anakificha.

Ila vumbi la hapa haliondoki lote. Limeingia kati ya nyuzi likakaa, na ule weusi umegeuka rangi ya uji wa mtama. Jana jioni nilikuwa naelekea Salgaa, jua mbele, nikaanza kuiona tena, dashibodi yangu, inaelea kiooni na manyoya yake. Nikapunguza mwendo. Kulikuwa na mtu amesimama kando ya barabara. Nilikuwa nimeshashusha kioo nilipokikumbuka kile kibao.