Kadi Niliyokwenda Kuirudisha

Jana, saa tisa na robo alasiri, timu yetu ya kriketi ilikuwa na mikimbio 187, ndizo alama za mchezo huu, bila kupoteza wiketi hata moja, yaani hakuna mpigaji aliyekuwa ametolewa, nami nikafanya kosa ambalo mtu wa umri wangu hapaswi kulifanya: nilifungua chupa ya chai kabla ya mapumziko ya chai. Kikombe cha kwanza kilipokwisha, wanne walikuwa wametoka. Chupa ilipokwisha, wapigaji kumi walikuwa nje, na zamu yetu imekwisha, kwa mikimbio 233, wa mwisho akiwa amekutana na mwenzake upande mmoja wa uwanja, wakitazamana kama abiria wawili waliokwama kwenye mlango mmoja wa matatu. Timu hiyo hiyo, wiki iliyotangulia, ilimshinda kinara wa ligi kwa zamu nzima na ziada, yaani bila hata kuhitaji kupiga mara ya pili, hata nikapiga simu Mombasa kuwatangazia ushindi huo jamaa ambao hawakuwa wameniuliza chochote.

Jina la timu silitaji, kwa kuwa bado nina majirani. Itoshe kusema kwamba ni mojawapo ya kaunti 18 zinazocheza ligi ya siku nne hapa Uingereza, kwamba iko katikati mwa nchi, na kwamba mimi, niliyetoka katika nchi yenye kaunti 47 ambazo hakuna hata moja iliyowahi kuninyima usingizi kwa sababu ya kriketi, niliichagua kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, kwa sababu uwanja wake uko karibu na kituo cha basi.

Kushindwa si tatizo langu. Northamptonshire, mojawapo ya kaunti hizo 18, tangu Mei 1935 hadi Mei 1939, walicheza mechi 99 za kaunti bila kushinda hata moja, na nakiri kwamba ninawaonea wivu mashabiki wao wa zama zile. Wale walijua waendako. Mtu aliamka, akavaa koti, akaenda kushindwa, akarudi nyumbani kula chakula chake kikiwa bado moto. Sisi wa timu hii hatujui tujipake mafuta ya harusini au tujifunge kanga za matangani, na mara nyingi tunalazimika kubadilisha kati ya chakula cha mchana na saa kumi.

Basi leo asubuhi niliiweka kadi yangu ya uanachama ndani ya bahasha, nikavaa tai, nikaenda kwenye ofisi ya klabu kuirudisha. Barua ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeeleza humo kwamba mimi si mgeni wa mchezo huu, kwamba niliishi siku ile ya mwaka 1996 ambapo Kenya iliwatoa West Indies, vigogo wa kriketi kutoka visiwa vya Karibea, wote kwa mikimbio 93 kule Pune, India, na kwamba kwa hiyo ninaufahamu muujiza nikiuona, na ninaufahamu uzembe pia.

Mama wa mapokezi aliichukua bahasha bila kushangaa, akaifungua na kuipitia barua. "Karibu, bata wangu," akasema.

Ndivyo wanavyoitana watu wa pande hizi, nami kwa miaka kumi na mmoja nimevumilia kuitwa bata na makondakta, wauza mboga na daktari wa meno. Lakini katika kriketi bata ni yule mpigaji aliyetoka na sifuri yake mkononi, na baada ya mambo ya jana nililiona jina hilo kuwa ni uchokozi. Nilimwomba, kwa sauti ya chini na yenye heshima, anirejeshee sehemu ya ada yangu iliyobaki. Alivuta droo, akatoa jalada lenye jina langu, na ndani ya jalada hilo nikaziona barua zangu nyingine nne za kujiuzulu, zimepangwa kwa tarehe.

"Hii ya Agosti ndiyo uliyoiandika vizuri zaidi," akaniambia. "Tuliisoma sote hapa ofisini. Ya leo ina hasira, lakini haina mpangilio."

Nilikuwa natafuta jibu linalolingana na tai yangu pale mlango ulipofunguliwa, akaingia kijana ambaye ndiye mpigaji wetu wa tatu. Huyu ndiye niliyemwandalia hotuba tangu mwezi uliopita. Hotuba ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na maswali matatu kuhusu mguu wake wa kushoto, na nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni hadi mke wangu akauliza nazungumza na nani. Kijana alikuja kuomba kibali cha kuegesha gari. Jana alitoka kwa sifuri. Mechi iliyotangulia, sifuri vilevile.

"Subiri kidogo, bata wangu," mama akasema, na sote wawili tukainamisha vichwa.

Sijui alikuwa akimwambia nani. Kijana naye hakujua. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni, na nilipomtazama kwa karibu niliona kwamba ana umri wa mwanangu wa pili, yule anayesahau funguo. Akanisalimu kwa adabu, akaniuliza kama nitakuja Ijumaa.

"Nitakuja, mwanangu," nikasema. Mdomo wangu ndio uliosema hayo, bila kunishauri.

Alipotoka, mama aliirudisha kadi mikononi mwangu, akaiweka barua jaladani pamoja na wenzake, kisha akaniuzia tiketi tano za bahati nasibu ya klabu. Sikuuliza bei, kwa kuwa basi langu lilikuwa linakuja, na dereva wa basi hilo hasubiri mtu. Zawadi ya kwanza ni gongo la kriketi lililotiwa saini na wapigaji wetu wote kumi na mmoja. Nililiona limetundikwa ukutani nyuma yake, safi, linang'aa, halina hata alama moja ya kuguswa na mpira.

Ijumaa wanaanza saa tano kamili. Chupa ya chai ninaiacha nyumbani.